Walii Aliye Mbali

Rubani alisema safari ni dakika thelathini, na kweli hazikuzidi. Haroub alishuka uwanja wa Pemba saa kumi ya jioni, kanzu mpya imekunjamana mgongoni, akaiwasha simu kabla hajafika mlangoni. Ndege ilikuwa iondoke Unguja saa sita.

Binti yake Rahila alikuwa anaolewa Chokocho siku hiyo, ikishaswaliwa Alasiri. Haroub ndiye baba, ndiye walii, na alitaka kumwozesha kwa mkono wake.

Mchana, ndege ilipochelewa, Shehe Abdulsamad, aliyekuwa afungishe ndoa, alimpigia akamweleza bila ya kuzunguka. Toka uwanja wa Unguja hadi wa Pemba ni zaidi ya kilomita mia na ishirini. Walii akiwa mbali kwa marhala mbili, nazo ni kilomita themanini na kitu, sheria inamruhusu kadhi aozeshe, na idhini ya kadhi shehe anayo. Watu wa bwana harusi wametoka Kisiwa Panza. Maji yakikauka, mashua zao zitakaa mchangani. Haroub aling'aka kwamba hayuko mbali, yuko nusu saa. Shehe akamjibu kuwa sheria haipimi kwa saa, inapima kwa masafa.

Ndipo Rahila alipoichukua simu.

"Baba, hiyo nusu saa imekuchukua miaka kumi na moja."

Hakusema kwa hasira. Akamwomba shehe angoje ndege itue. Ikitua, baba yake atakuwa karibu, na haki ni yake.

Haroub alipanda ndege na maneno hayo. Alipoachana na Bi Saada, mama yake Rahila, alihamia Unguja akijiambia Pemba si safari, atakuja siku yoyote. Siku yoyote haikufika. Mtu huharakia pa mbali. Pa karibu hupaweka kiporo.

Sasa yuko karibu. Lakini toka uwanjani hadi Chokocho gari huchukua karibu saa nzima, mara mbili ya ndege. Akisema wangoje, watangoja, watake wasitake.

Akampigia Mjaka, kaka wa Bi Saada. Huyo ndiye aliyemlea Rahila, akampeleka chuo cha Kurani na skuli. Mjomba hawi walii, ila walii humwakilisha amtakaye, yaani humpa uwakili aozeshe kwa niaba yake.

"Umetua, shemeji?" Mjaka akauliza. "Haya, panda gari. Sisi tupo. Kukungoja tushazoea."

"Msiningoje. Mmengoja vya kutosha. Fungua spika, shehe naye asikie." Kisha akasema taratibu, "Mimi Haroub bin Ridha, nimekuwakilisha wewe Mjaka umwozeshe binti yangu Rahila."

Mjaka akajibu kwa sauti ya chini kwamba amekubali, na akamtaka asikate simu.

Haroub akaingia kwenye teksi, akamwambia dereva azime redio. Hawajafika Chake alimsikia Mjaka akiozesha, akilitaja jina la Rahila binti Haroub. Mjaka akalikatisha katikati, akarudia.