Makomeo ya Kasha la Mama

Mama yake seremala alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na mikono yake ilijulikana mtaa mzima. Ukimpelekea kitambaa hakupimi kwa futi. Anakutazama tu toka utosini mpaka kwenye kisigino, kama mtu anayetaka kukusengenya, kisha anakata, na nguo inakukaa. Ndiyo maana alipoanza kusahau, watu hawakushtuka upesi. Alisahau majina ya majirani, wakasema ni uzee. Alisahau sufuria motoni, wakasema mwacheni, amekula chumvi nyingi. Lakini mikono haikusahau, na hapo ndipo balaa lilipoingia nyumbani.

Alianza na pazia la sebuleni. Akalikata vipande vya mikono na kola, safi kabisa, bila mstari kupinda. Zikafuata shuka. Kisha siku moja seremala alitoka kwenye karakana yake, kile kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa mbele wa nyumba, akaingia ndani kunywa maji, akakuta koti lake la pekee la heshima limekuwa gauni la mtoto.

"Si kitambaa kibaya," mama akamwambia, mkasi bado mkononi. "Ila aliyelishona mara ya kwanza alikuwa amelewa."

Seremala alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka peke yake, maana mama hakuwa amefanya mzaha.

Waliishi wawili tu. Mkewe seremala alikuwa amekwenda zake kitambo, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Na kufikia wakati huo mama alikuwa hamjui tena mwanawe. Alimwona mtu ana penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, akakata shauri kwamba ni fundi aliyeletwa kurekebisha kitu fulani humo ndani. Akawa anamwita hivyo hivyo, fundi.

"Nina mwanangu naye ni seremala," alikuwa akimwambia. "Ana mkono mzuri, lakini ana haraka. Na haji kuniona."

"Atakuja," seremala hujibu.

"Wewe humjui. Ungemjua usingesema hivyo."

Akimaliza hapo, seremala hurudi kwenye karakana akapiga randa mbao ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Mdogo wake wa kike alikuwa muuguzi, na alikuja kila alipopata nafasi, mikono yake imejaa dawa na sabuni na maagizo. Safari hiyo alikuja na kufuli. Vitu vyote vya kushonea vya mama vilikaa kwenye kasha la mbao ngumu ambalo seremala mwenyewe alimtengenezea zamani, kubwa kiasi cha kukalia watu wawili. Muuguzi akapigilia vishikizo viwili vya chuma, akatia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye leso.

Alipoondoka, hakuwa hata amefika kituo cha basi. Mama alililia lile kufuli kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Wezi! Wamenifungia kazi za watu!" Aliligonga kwa ngumi mpaka ngozi ya vifundo ikachubuka. Majirani walijaa mlangoni, kila mmoja na ushauri wake. Seremala aliving'oa vishikizo kwa nyundo yake mwenyewe mbele yao. Alijaribu baadaye kuuficha mkasi karakanani, ikawa mbaya zaidi. Mama alipekua nyumba nzima, akafumua mpaka godoro, akakataa chakula, na mwishowe mkasi ukarudi.

Ndipo seremala alipofikiria kumtengenezea komeo la mbao. Si la kumfungia, alijiambia. Kinachomtia mama kiwewe ni chuma, kwa sababu chuma kinasema wazi kwamba kimefunga. Mbao haisemi. Kasha lingekuwa tu gumu kidogo kufunguka, mama angechoka, angekwenda kuota jua, na mapazia ya watu yangepona.

Komeo la kwanza lilikuwa kijiti kifupi chenye umbo la kidole, kimeshikwa na skrubu moja, ukikizungusha kinakaa juu ya mfuniko. Mama alikizungusha kabla vanishi haijakauka. "Fundi," akasema huku anajifuta kidole, "kazi yako inanata."

La pili alilificha. Alichonga ukanda mwembamba unaoteleza pembeni chini ya mdomo wa mfuniko, mahali macho yasipofika. Akakaa mlangoni akijifanya ananoa patasi. Mama alilisukuma kasha, akalivuta, kisha akatulia. Akapitisha vidole chini ya mdomo ule taratibu, kama mtu anayetafuta mahali mshono ulipoanzia kufumuka. Alipoufikia ukanda hakuwa na papara. Aliusukuma kwa ukucha, mfuniko ukainuka, na uso wake ukafunguka pamoja nao.

Siku ile mama alikula chakula chake chote bila kubembelezwa. Alizungumza habari za kitambaa cha kaniki na jinsi kinavyochuja rangi. Hakuuliza njia ya kwenda kwao utotoni, swali ambalo lilikuwa likimtoa nje peku kila siku jua likianza kuteremka.

Seremala aliliona hilo, ila hakulitamka hata moyoni mwake. Alichofanya ni kuuchukua ule mkasi wa mama akausugua makali kwenye jiwe la sakafu mpaka ukawa butu, hauwezi kukata hata karatasi iliyoloa. Akaurudisha kashani. Kisha akakaa na penseli na kipande cha ubao, akaanza kuchora komeo la tatu.

Lilikuwa na ndimi mbili, moja kila upande wa kasha, na ilibidi zivutwe kwa pamoja. Kasha lilikuwa pana kuliko mikono ya mama. Alihangaika nalo tangu chai mpaka mchana, akiongea nalo, akilitukana matusi ya heshima. Mwishowe alikaa sakafuni, akavuta ulimi mmoja kwa mkono na mwingine akaubana kwa kidole gumba cha mguu. Mfuniko ulipoachia, alimtazama fundi wake kwa dharau ya bibi harusi. "Ulifikiri mguu ni wa kutembelea tu?"

La nne lilifunguka kwa kusukuma kitu chembamba kwenye tundu lililofanana na tundu la mdudu. Seremala alikuwa na hakika hilo litamshinda, maana nyumba haikuwa na waya wala msumari mwembamba uliobaki wazi. Mama aliligundua tundu, akalichungulia, akainua mkono kwenye upindo wa kola yake akatoa sindano. Ilikuwa imechomekwa hapo siku zote, labda miaka, kama mafundi wote wa nguo wanavyofanya. Seremala alipiga makofi. Hakujizuia. Mama naye akacheka, na kwa kitambo kidogo walikuwa watu wawili wa kazi moja, kila mmoja anaijua kazi ya mwenzake.

Wateja walianza kulalamika. Kabati la mtu limekaa bila milango, kitanda cha maharusi hakina chaga, na seremala yuko ndani anachonga vijiti. Aliwaambia mama anaumwa. Hakuwaambia kwamba hajawahi kufanya kazi tamu kama hiyo tangu ashike msumeno.

Muuguzi alikuja bila kupiga simu. Alimkuta mama sakafuni, kasha wazi, foronya ya mto imetandazwa na mkasi unaitafuna. Mkasi butu hukwama, na unapokwama mtu hutia nguvu. Mama alikuwa ametia nguvu, ncha ikateleza, ikamwingia kwenye kiganja. Hakuonekana kuhisi kitu. Alikuwa anaendelea kukata, damu inachora njia yake kwenye pamba.

Muuguzi alimfunga kidonda. Alipomaliza alimfuata kaka yake karakanani.

"Kaka, nieleze. Lile komeo linafunga au halifungi?"

"Linafunga."

"Mbona amelifungua?"

Mdogo wake aliyatazama yale makomeo ya zamani yaliyopangwa juu ya meza, yamepigwa msasa mpaka yanang'aa, akaelewa.

"Unacheza," akasema polepole. "Mama yetu anaoza kichwa, na wewe umemfanya mchezo."

"Anafurahi."

"Mtoto anayechezea wembe naye anafurahi! Ningechelewa kidogo ungenieleza nini? Ungeniambia alikufa anafurahi?" Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira kama yamemchafua. "Mimi naosha wazee wa watu kutwa nzima. Ninajua wanavyokufa. Tengeneza komeo asiloweza kulifungua, au safari ijayo nakuja na gari namchukua, na kasha nalichoma moto."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomkera seremala zaidi. Angekuwa amekosea, wangegombana yakaisha. Aliona aibu, na aibu ile ikageuka kuwa ukaidi. Anataka lisilofunguka? Atalipata.

Alifanya kazi siku nzima bila kuinua kichwa. Hakuhitaji kuwaza sana, kwa kuwa alimjua mpinzani wake. Makomeo yote ya nyuma yalishindana na vidole vya mama, na vidole vile havikuwa na mshindani. Hili alilijenga kwa namna nyingine. Lilikuwa na vijiti viwili ndani ya ukuta wa kasha, na gololi moja. Uvute cha kulia kwanza. Kisha uinue kidogo upande mmoja wa kasha mpaka usikie gololi inabingirika. Kisha urudishe cha kulia ndipo uvute cha kushoto. Ukikosea mpangilio, gololi inarudi kwake na unaanza upya. Hakuna hatua hata moja iliyohitaji nguvu nyingi wala ufundi. Mtoto aliyeonyeshwa mara moja angefungua. Ilitakiwa tu ukumbuke ulichofanya kabla ya hicho unachofanya.

Alipolifunga, alilijaribu, likafanya kazi bila kukwaruza. Lilikuwa komeo zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza.

Asubuhi mama alilikaribia kama anavyolikaribia siku zote, mikono mbele. Haikumchukua muda akakipata kijiti cha kulia, akakivuta. Akainua kasha kidogo, gololi ikabingirika, akatega sikio. Seremala alikuwa mlangoni anatazama. Mama akatabasamu. Halafu tabasamu likapotea njia, akaitazama mikono yake, akalishusha kasha, gololi ikarudi. Akaanza tena kutafuta kijiti cha kulia kana kwamba hajawahi kukiona.

Alifanya vile mpaka jua likawa utosini. Alifanya kesho yake, na kesho kutwa. Kila mara alifika palepale, na kila mara palepale pakamtoka. Hakulitukana tena kasha. Kucha zilimkatika. Seremala alitamani kumwambia, vuta cha kushoto mama, cha kushoto. Siku moja alimwambia. Mama aliuvuta mkono wake kwa hofu. Kushoto lilikuwa neno tu, halikuwa na mahali pa kukaa.

"Fundi," akamwita jioni ile, sauti yake ndogo. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mama."

"Basi mbona umenifanyia hivi?"

Seremala alirudi karakanani.

Siku iliyofuata mama hakuliendea kasha. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono imelala mapajani, viganja juu, kama vitu alivyoshikishwa avitunze kwa muda. Seremala alingoja. Alingoja na siku ya pili. Kisha akachukua patasi na nyundo, akalivunja lile komeo, vijiti na gololi na yote, akaufungua mfuniko mpaka mwisho na kulisukuma kasha mpaka magotini pa mama. Vitambaa vyote vilikuwemo, nyuzi, vifungo, futi iliyofifia namba.

"Kazi zako hizi hapa, Mama. Tazama. Liko wazi."

Mama aliyaelekeza macho yake dirishani.

Seremala alijaribu kumrudishia komeo la pili, lile la ukanda. Akajaribu la kijiti, la kitoto kabisa. Aliushika mkono wa mama akauweka juu yake, ukabaki pale alipouweka, hauna habari. Baada ya hapo mikono ilianza kusahau na mengine. Ilisahau kijiko. Ilisahau kikombe. Seremala akawa anamlisha mwenyewe kwa mkono wenye gundi isiyotoka.

Muuguzi alipokuja tena alikuta nyumba kimya, mapazia mazima, mama kiganja kimepona, amekaa kwa adabu. Alishusha pumzi ya mtu aliyetua mzigo. "Umeona, kaka? Ametulia."

"Amekwisha," seremala akasema.

"Usiseme hivyo. Ugonjwa ndivyo unavyokwenda, ungefanya usingefanya." Akamshika bega. Pengine alikuwa anasema kweli. Seremala hakuwa na njia ya kujua, na alijua kwamba hatakuwa nayo mpaka anaingia kaburini.

Mama alifariki msimu wa mvua, bila kelele. Haukupita muda mrefu akaja mwanamke mmoja karakanani, anafanya kazi wodi moja na muuguzi. Ana baba mzee anayefungua kabati la dawa. Amesikia sifa za makomeo yake.

"Anapenda kulifungua?" seremala akamuuliza.

Mwanamke alimtazama, hakulielewa swali. "Hataki kuliacha, fundi. Ukimwondoa anarudi."

"Naweza kukutengenezea linalofunguka kwa taabu."

"Hapana. Mimi nataka lisilofunguka. Ana vidonge vinavyoua mle."

Seremala aliiweka randa chini, akachukua penseli sikioni.

"Kabati lina upana gani?" akauliza, akaanza kuandika.