Ukuta wa Bahizire

Mutu ambaye hajawahi kuwa na parsele, kiwanja chake mwenyewe, Goma atamcheka Mama Mwavita. Acheke tu. Sisi wa Murara tunajua: mtu akisimama mbele ya kiwanja chako na mita ya kupimia mkononi, hakuja kukusalimia. Wiki hii anapima, wiki ijayo familia usiyoijua inashusha magodoro mlangoni pako, na karatasi yao ina mihuri mitatu.

Ndiyo maana nusu ya nyumba za mtaa wetu zimeandikwa ukutani kwa rangi. Ya Mama Mwavita iliandikwa na mume wake Bahizire, kwa mkono wake mwenyewe: NYUMBA HII HAIUZWI. Alipofika kwenye herufi ya mwisho kigoda kiliteleza juu ya mawe, akaanguka huku burashi ingali kwenye ubao, na mstari mwekundu ukashuka naye mpaka chini. Alicheka mpaka akatoa machozi, akakataa kuufuta. Sasa ana miaka mitatu kaburini, na hakuna asubuhi ambayo mjane wake ametoka nje bila kupitisha kidole kwenye mstari ule, juu mpaka chini. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na maandishi ya kuilinda, basi.

Nyumba yenyewe ni mbili. Ile ya kwanza, ya simenti, ilimezwa na volkano mwaka wa 2002. Lava ilipopoa, Bahizire akajenga ya mbao juu yake. Kando ya jiko, kwenye jiwe jeusi, bado unaona ukingo wa juu wa dirisha la chumba chao cha zamani, upana wa kiganja tu.

Msichana alikuja Jumatatu asubuhi, na mita shingoni na kaye kubwa ya kuchorea kwapani.

"Jambo, mama. Naitwa Igihozo, nasoma sanaa, mwaka wa mwisho. Prof ametuomba tutengeneze sanamu yenye kutoka kwa nyumba, kwa namna nyumba ilijengwa. Nimezunguka mtaa wote na nimeipenda hii yenu. Naomba nipange kazi yangu hapa siku mbili tatu. Nitapima na kuchora tu."

Ameipenda. Neno hilo peke yake lilimtosha Mama Mwavita. Wanunuzi wote huanza kwa kupenda.

"Nani amekutuma?"

"Prof, mama."

"Prof hana jina?"

"Prof Hitimana."

Hakumjua Hitimana yeyote. Angeweza kumfukuza, lakini aliwaza: nikimfukuza atapimia barabarani, nisione. Akiwa ndani ya uwanja, namwona. Akamwachia njia, akaketi karibu na mbabula yake ya makaa, akaanza kuchambua maharagi ambayo alikuwa amekwisha kuyachambua.

Msichana alifanya kazi vizuri mno, na hilo nalo lilikuwa baya. Alipima ubao kwa ubao. Alipiga magoti kwenye lile dirisha lililozama, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, akautoa na kuandika.

"Nyumba ya chini ilikuwa na vyumba vingapi, mama?"

"Sikumbuki."

"Ilijengwa mwaka gani?"

"Zamani."

"Na ukuta wake uliishia hapa, ama kule kwa jirani?"

Eh. Hilo ni swali la watu wa ofisi ya mashamba na viwanja, neno kwa neno, na Mama Mwavita alikuwa amelisubiri. "Uliza lava," akamjibu.

Igihozo akacheka, akaeleza mpango wake bila kuulizwa. Chini atachonga jiwe la volkano na ndani yake ataacha uwazi wa chumba. Juu ataweka mbao. Ijumaa anapeleka michoro, vipimo na kanyumba kadogo ka kartoni, na wakikubali ndipo anaanza kuchonga. Wakikataa, anarudia mwaka.

"Na nani atakinunua kitu hicho?"

"Hakuna, mama. Kwetu Kibumba nyumba ilianguka, na hakuna mutu alikuwa ameipima. Mama anasema mlango ulikuwa huku, baba anasema kule. Tuko Munigi sasa na bado wanabishana. Ndiyo nikasema, ya mutu mwingine nitaipima."

Mama Mwavita alimsikia, na akajizuia kabisa kumhurumia. Mwongo mzuri hakosi hadithi ya nyumba iliyoanguka.

Jumanne mchana akaona kwa macho yake. Pale kwenye kona, Munguakonkwa, mdogo wake Bahizire, alikuwa amesimamisha piki-piki na kuongea na msichana. Akanyoosha mkono kuelekea ukutani. Msichana akafungua kaye, akamwonyesha. Shemeji huyo, tangu tufukie maiti ya ndugu yake, alikuwa ameuliza mara tatu karatasi za nyumba ziko wapi. Basi. Mama Mwavita hakuhitaji tena kuambiwa. Usiku huo alilala na zile karatasi chini ya mgongo, hasira na woga vikimbadilishia ubavu.

Jumatano Igihozo akaenda nyuma ya nyumba kupima, kaye akaiacha juu ya jiwe. Mama Mwavita akaifungua haraka. Kulikuwa na kuta nne, mapaa, namba kila mahali. Kisha ukurasa mmoja usio na namba hata moja: maandishi ya Bahizire, makubwa, herufi kwa herufi, na ule mstari wake wote, mpaka pale unapopinda kidogo.

Sanamu inahitaji maandishi kwa kazi gani? Aliwaza na jibu likaja lenyewe. Mtu anayetaka kuuza nyumba kama hii lazima kwanza ayaondoe yale maneno, na wanayanakili ili wajue cha kufuta. Akauchana ukurasa taratibu kwa kufuata mshono, akaukunja, akausukuma kwenye makala yenye moto ya mbabula, chini ya sufuria. Ulishika moto mara moja. Msichana aliporudi, Mama Mwavita akamkaribisha sahani ya maharagi, na kusema kweli alijisikia vizuri siku nzima.

Alhamisi alikwenda sokoni. Aliporudi, saa sita, akakuta piki-piki ya shemeji mbele ya mlango.

Munguakonkwa alikuwa juu ya kigoda. Ukuta wote ulikuwa mweupe, unang'aa, bado mbichi, na juu yake kulikuwa na herufi za buluu zilizonyooka vizuri sana: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "tuambiane ukweli. Nilisikia kuna mutu anapima hapa. Nikamshika yule mutoto barabarani, ananiambia ati sanamu. Nani anaamini hiyo? Nikajua umepata mununuzi. Hii ni nyumba ya kaka yangu. Nimeona niandike upya kabla hujaiuza."

"Mimi niiuze?"

"Kila nikikuuliza karatasi unakasirika. Ningefikiri nini?"

Mama Mwavita aliupitia ukuta kwa macho. Alikuwa anatafuta mstari.

"Ile rangi ya zamani?"

"Ilikuwa inabanduka. Nimeikwangua yote kwa jiwe." Alisema hivyo kwa kujisifu, maskini, na jasho likimtoka.

Ndipo Igihozo akaingia na kanyumba kake ka kartoni mikononi. Kalikuwa na jiwe halisi chini, paa, kadirisha kalikozama, na ukuta mmoja wa mbele ulioachwa mtupu.

"Mama, uniwie radhi. Nimepoteza ukurasa mmoja, ule wa maandishi na mstari wake. Prof aliuona juzi akasema bila huo kazi yangu ni boksi tu. Nimekuja kunakili tena." Akainua macho, akaona ukuta mweupe.

Mama Mwavita aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. "Haukupotea," akasema. "Niliuchoma mimi. Ndio ulioivisha maharagi yale uliyokula."

"Mstari gani?" akauliza Munguakonkwa.

Mama Mwavita akaweka kapu la sokoni chini, akausogelea ukuta. Akatafuta ile herufi ya mwisho, akaweka kidole mahali alipokiweka kila asubuhi, akafumba macho. Hakuwa na hakika. Kidole kikaanza kushuka ndani ya rangi mbichi, ubao wa kwanza, wa pili. Katikati kikasimama, kikakumbuka, kikapinda kidogo kushoto, kikaendelea mpaka akalazimika kupiga magoti.

Alipofumbua macho rangi nyeupe ilikuwa imemjaa kidole. Ule mstari ulikuwa pale, mbao zikionekana ndani yake. Shemeji alikuwa ameshuka kwenye kigoda, ameshika burashi yake.

Igihozo alikuwa amekwisha kufungua kaye. "Mama, ni urefu gani?"

"Pima," akasema Mama Mwavita, akamshikia mwisho wa mita.