Taya la Mwokaji Mikate

Mwokaji mikate alipoambiwa kwamba taya lake jipya litatokana na ngozi ya paja, alicheka mpaka daktari akamsihi apumzike. Uvimbe ulipokatwa ulikuwa umeondoka na kipande cha mfupa wa taya, na pengo lile halikutaka vicheko.

"Kwa hiyo nitatafuna kwa paja?"

"Kwa mfupa, kaka," akasema mdogo wake wa kike, fundi wa maabara. "Seli za ngozi tunazishawishi mpaka zigeuke za mfupa."

"Kushawishi unajua. Peremende zangu zote ulizimaliza wewe."

Miezi minane alikuwa hajauma ganda la mkate, yeye aliyezoea kuijua mikate yake kwa meno. Alichekacheka tu mbele za watu.

Basi wakamkata kijipande cha ngozi, kidogo kuliko punje ya dengu. Kanuni ya maabara ni kwamba sahani za seli hubadilishiwa lishe kila baada ya siku tatu, na kabati la joto halifunguliwi ovyo. Fundi aliijua vizuri. Yeye ndiye aliyeiandika na kuibandika ukutani. Lakini hizi zilikuwa seli za kaka! Akawa anachungulia asubuhi, mchana na jioni, na lishe anabadilisha kila siku, zisije zikashinda njaa. Mwenzake wa meza ya pili alipomwambia anazidekeza, alimjibu ashike lake.

Wiki ya nne wakadondosha rangi ya kupimia. Penye mfupa hukolea nyekundu. Sahani ya kaka ilibaki nyeupe pe.

"Kila ulipobadilisha lishe, ulimwaga na kile zinachotoa ili zigande kuwa mfupa," mwenzake akasema, taratibu.

Tarehe ya upasuaji ikaota mbawa. Fundi akaenda mwenyewe kwenye tanuri la kaka yake, akaeleza yote bila kuficha. Kaka alikuwa anafuta unga mezani.

"Ulifungua mara ngapi kwa siku?"

"Tatu. Jumapili, mara nne."

"Mtu akinifungulia tanuri hivyo, hapa simpi hata ufagio."

Dada akaangua kilio. Kaka akamvuta, akamkumbatia na unga wake wote, akakaa naye juu ya gunia mpaka akanyamaza.

"Paja la pili lipo, chukueni," akasema. "Ila safari hii, mdogo wangu, kabati mpe mtu asiyenipenda."