Gari Lililofukizwa Udi

Siku Naila alipopata leseni ya udereva, Bagamoyo nzima ilijua kabla hajafika nyumbani. Babu yake, Mzee Kitwana, mpishi mstaafu wa melini, alikuwa ametangulia na bajaji akiitangaza habari, na habari ikipita mdomoni mwa Mzee Kitwana hunenepa. Kufikia magharibi ilikuwa inasemekana mjukuu wake ameendesha kinyumenyume kutoka stendi mpaka Kaole, juu ya gari kukiwa na kikombe cha kahawa, na kahawa haikumwagika hata tone.

Kweli yenyewe ni kwamba Naila hakuwa na gari. Na gari alilihitaji kweli. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi: hina, piko, maua ya asumini, kufukiza nguo udi. Mara ya mwisho alipotegemea basi kwenda harusini Fukayosi, alimkuta bi harusi keshaondoka na mumewe, mikono myeupe, na hina ya Naila ikabaki kwenye kopo. Sasa Jumamosi alikuwa na bi harusi Vigwaza, na mama mtu alishasema kwenye simu: "Ukichelewa hata kidogo, nachukua mpambaji wa Dar." Harusi mbili kuharibika, nani angemwita tena?

Basi Alhamisi asubuhi alivunja kibubu chake. Kilitosha gari moja, kuukuu. Akikosea, hakuna kibubu cha pili.

"Shikamoo, mume wangu," alimwamkia babu yake kibarazani.

"Marahaba, mke wangu. Umependeza! Tunakwenda kununua gari au kufunga ndoa upya?"

"Mimi nakwenda kununua gari. Wewe unakwenda kunyamaza."

"Ninyamaze? Mimi niliyeendesha lori la Sultani wa Komoro?"

"Jana ulisema la Mfalme wa Madagaska."

"Walikuwa wanaazimana."

Kijana aitwaye Seleman alikuwa akiwangoja nje ya gereji, karibu na soko la samaki, ameegemea gari jekundu linalong'aa kama pipi iliyolambwa. Kabla hawajalifikia, harufu ya udi iliwapokea njiani.

"Shikamoo mzee wangu. Dada, mambo? Mnyama ndiyo huyu! Imetunzwa na bibi mmoja wa mjini, anaendea msikitini Ijumaa kwa Ijumaa, basi."

"Mashallah!" Mzee Kitwana alivua kofia. "Gari limefukizwa udi! Mke wangu, lipa twende. Mtu wa kufukiza gari ni mtu mwenye heshima zake."

Na hapo ndipo watu wa pwani tunapoponzwa na pua zetu. Mgeni wa heshima hufukiziwa chumba, bi harusi hufukiziwa nguo. Sasa gari limekuja limefukizwa kama bi harusi, nani angethubutu kulipekua? Naila mwenyewe moyo ulimpanda. Aliketi kwenye usukani, akawasha, redio ikaimba, akajiona tayari yuko Vigwaza anashangiliwa kwa vigelegele. Mkono ukaingia kwenye pochi.

Lakini pua yake ilikuwa pua ya kazi. Nguo hufuliwa kwanza, ikakauka, ndipo ikafukizwa. Ukifukiza nguo yenye jasho, udi hukaa juu na jasho likabaki chini yake, linakusubiri. Na chini ya udi ule kulikuwa na kitu kinasubiri.

Mkono ukatoka kwenye pochi. Akatazama nje.

"Seleman, mbona paka wengi hivi?"

Paka wote wa Bagamoyo walikuwa wamelizunguka gari, isipokuwa mmoja aliyekuwa mgonjwa, na huyo alituma salamu. Wengine wamekaa mkao wa kula, wengine wanalamba tairi.

"Wanafuata kivuli tu, dada."

"Na yule anayelamba mlango?"

"Huyo... anapenda rangi nyekundu."

Naila aliinama, akainua zulia la miguuni. Chini yake palikuwa na kipande cha ubao. Akauinua ubao. Katika tundu lililobaki kikachomoza kichwa cha paka mwenye jicho moja, kikamtazama Naila kwa ukali, kama mwenye nyumba anayeuliza nani kafungua mlango bila hodi. Nyuma ya masikio yake ilionekana ardhi ya Bagamoyo.

"Seleman. Gari hili lilikuwa linabeba nini?"

"Bibi."

"Bibi na nini?"

"Bibi na... visamaki vyake kidogo."

Visamaki kidogo! Tenga juu ya tenga, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika usiku na mchana mpaka sakafu imelika kama biskuti kwenye chai.

"Nakupunguzia bei, dada," Seleman alisihi. "Na chetezo cha udi nakuongezea bure!"

Mzee Kitwana alirudisha kofia kichwani. "Mimi nilijua tangu zamani. Nilikuwa nampima mke wangu."

Naila hakucheka. Jumamosi ilikuwa inakuja mbio, naye hana gari. Alisimama katikati ya wale paka akiwaza: chuma kimeliwa na chumvi. Mimi natafuta gari mahali penye chumvi kwa nini? Ndipo akaikumbuka ile harusi ya Fukayosi aliyoikosa. Alipokuwa amesimama uani na kopo lake la hina, aibu imemshika, mbele yake palikuwa na gari lenye vumbi, na kwenye vumbi mtu kaandika kwa kidole: LINAUZWA.

"Babu, twende!"

Basi liliwashusha Fukayosi adhuhuri. Mama wa bi harusi yule, Bi Wahida, mfanyabiashara wa mananasi, alimwona Naila kwa mbali akaangua kicheko.

"Mpambaji! Umefika? Bi harusi wako sasa ana mimba, lakini njoo umpake tu!"

"Shikamoo mama. Safari hii nimefuata gari."

"Marahaba mwanangu. Lile? Usiseme sikukuonya, sura halina."

Kweli halikuwa nayo. Karina kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, mlango mmoja wa buluu. Naila alishika boneti: baridi, hakuna aliyelipasha moto mapema ili liwake kwa kumdanganya. Akajifunga kanga, akalala chali, akaingia uvunguni na kugonga sakafu kwa ngumi. Ngo! Ngo! Ngo! Chuma kikavu, vumbi jekundu, hakuna kutu ya kutisha.

"Halijui bahari hilo," alisema Bi Wahida. "Siku moja nililipeleka Bagamoyo, likapiga chafya mpaka nikaligeuza."

Naila akawasha. Likaitika mara ya kwanza! Akalipitisha kwenye makorongo, akapiga breki mbele ya mbuzi, likasimama, mbuzi akapita kwa maringo yake. Mzee Kitwana nyuma alikuwa anasoma dua kwa sauti. Bei walipatana kwa kuapiana, kucheka, Naila kuondoka na kuitwa arudi, mpaka kibubu kikabakiza cha mafuta na tairi.

Jumamosi alfajiri wakashika njia ya Mlandizi, vioo wazi, Naila anaimba kwa sauti yote. Harufu ya mananasi yaliyobebwa humo miaka na miaka ilikuwa imeingia kwenye viti, na jua lilipochomoza gari zima likanukia utamu. Nyuki wakaanza kulifuata. Mzee Kitwana mpaka leo anaapa kwamba kwenye kilima nyuki walisukuma.

Mama wa Vigwaza alikuwa mlangoni, simu mkononi, tayari kupiga Dar. Alipoona mlango wa buluu ukifunguka akaishusha simu.

"Wewe! Umewahi hata chai haijachemka!"

Bi harusi alitoka nyuma yake na nywele zake timutimu, akanusa upepo uliotoka garini, akafumba macho.

"Dada Naila, udi gani huu? Nataka huu huu!"

Naila alilitazama gari lake, na nyuki wanaocheza juu ya paa.

"Wa Fukayosi," alisema, akachukua kopo la hina. "Haya ingia ndani, nipe mikono."