Upande Wangu wa Chungu

Kwetu milimani hatuli kwa sahani. Chungu cha tajini, mchuzi wetu wa kuiva polepole, huwekwa katikati ya meza, kila mtu huchovya mkate upande wake, na nyama hubaki juu mpaka mama aigawe mwisho. Nyama yenyewe ni Alhamisi tu, siku ya soko. Siku nyingine ni viazi, karoti na dengu.

Kaka yangu Moha alipomwoa Tuda, alimwacha kwetu akarudi mjini Agadir kwenye kazi yake ya ujenzi. Tuda akawa anakaa kando yangu mezani. Bibi harusi wa kwetu haonyeshi njaa mbele ya mama mkwe, basi alikuwa akigusa mchuzi kidogo, anasema ameshiba, anangojea chai ya nanaa. Chai hakuionea haya: glasi tatu, nne, na mkate mkavu wa kusindikizia.

Mimi nilimwona. Shule niliishia darasa la sita, nikabaki na macho. Alhamisi ya kwanza mama alimpa kipande chake cha nyama, naye akakisukuma kwa kidole mpaka upande wangu, akakifunika kwa mkate.

"Kula, wifi," akaninong'oneza. "Wewe ndiye unayetafutiwa mume. Mimi nimeshapata."

Nikacheka, nikala. Alhamisi iliyofuata nikala tena. Aliposhika mimba nikajiambia ni kichefuchefu tu, nyama inamnukia vibaya. Sikumuuliza. Ningemuuliza, labda angesema anaitaka, na nyama ile ilikuwa tamu. Ikafika mahali nikawa naingojea. Hata dengu za upande wake nilizila.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, Tuda alianguka tukikata majani ya ng'ombe. Mimi na mama tukampandisha punda mpaka zahanati. Nesi alimvuta ngozi ya chini ya jicho, akamwonyesha mama: ndani kweupe kama karatasi. Akasema damu yake ni kidogo mno, na akimwaga hata hiyo kidogo siku ya kujifungua, huku juu hatuna la kumfanyia, na barabara ya kwenda hospitali tunaijua ilivyo mbaya. Akauliza huwa anakula nini.

"Anakula tunachokula sisi," mama akasema, kama mtu aliyetukanwa. "Chungu ni kimoja. Muulize Izza hapa, ndiye anayekaa naye."

Nesi akanigeukia. Tuda akanitazama pale kitandani, akatikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa ananiomba ninyamaze, mama asijue kwamba mkwe wake anakikwepa chakula chake. Na mimi pia alikuwa ananisitiri. Ningenyamaza tungepewa vidonge, tungerudi na heshima yetu, na Alhamisi ingefika.

"Anakula mkate na chai," nikasema. "Nyama yake naila mimi. Tangu harusi."

Mama hakunipiga. Alikaa kwenye benchi, akanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Na mimi nawaambia watu sokoni umenawiri," akasema. "Kumbe."

Nesi akatoa vidonge vya damu. Akaeleza kwamba mkate peke yake haujengi damu: ale dengu, mayai, mboga za majani, chungwa, na nyama ikipatikana. Chai ingoje muda wa saa mbili baada ya chakula, maana inauzuia mwili kuchukua kile damu inachokihitaji. Tuda akawekewa sahani yake, kitu ambacho kwetu ni cha mgonjwa au mgeni, na mama akawa anakaa mbele yake mpaka iishe.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, kilo mbili na kidogo. Siku ya saba tulichinja kondoo, nyumba ikajaa wanawake. Tuda akawaambia kwamba kama si wifi yake aliyesema kule zahanati, leo wangekuwa wamekuja kwa jambo lingine. Wakanipigia vigelegele.

Nilikuwa nimempakata mtoto. Miguu yake ilikuwa myembamba kama vidole vyangu, na mikono yangu iliyomshika ilikuwa imenona. Nikamfunika vizuri kwa shali, nikasema nesi ndiye wa kushukuriwa. Wakasema nina adabu.