Jumamosi za Agar

Njia mbili zilimshinda fisi, wazee wanasema, na Agar alikuwa na tatu. Ya kwanza ilipanda Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, kwenye materinite alikokuwa mkunga. Ya pili ilirudi nyumbani, kwenye vyumba viwili alivyopanga nyuma ya duka la misumari. Ya tatu ilishuka katikati ya Butembo kila Jumamosi jua likianza kulegea, mpaka kwenye nganda, baa ndogo ya mama mmoja anayechoma nyama ya mbuzi. Pale rafiki zake wawili, Joyeuse na Maliro, humwekea kiti, wakikiinamisha mezani ili mtu mwingine asikikalie.

Kwa miaka mingi njia hizo hazikugombana. Agar hakuwa na mume wala mtoto. Alizalisha wanawake wiki nzima, akalala, akafua, na Jumamosi akapaka rouge midomoni, akaenda kula nyama na kucheza. Joyeuse aliuza vitenge sokoni na alijua kucheka mpaka watu wa meza nyingine wanacheka bila kujua sababu. Maliro alikuwa shofere wa pick-up ya mfanyabiashara mmoja, mtu wa maneno machache, mzuri wa kucheza kuliko wote.

Halafu msimu wa kakao ukafika, na kule ng'ambo ya Beni watu wa porini wakaingia shambani kwa dada yake Kavira. Mume wa Kavira alipatikana chini ya mikakao, amekwisha kukatwa. Kavira hakupatikana, wala mzima wala maiti. Siku chache baadaye mama yao, Rébecca, aliteremka kwenye lori la mbao mbele ya duka la misumari, na watoto wawili wa Kavira, na sufuria moja. Keren alikuwa msichana wa darasa la tatu. Ananie, mdogo wake, alikuwa amejua kusema vizuri kabla ya siku ile. Sasa alikuwa haongei tena.

Tangu hapo nyumba iligeuka. Ananie alikojoa godoro kila usiku na kuamka akipiga kelele zisizo na neno ndani yake. Keren hakutaka kwenda shule kama mtu hakumsindikiza mpaka mlangoni. Mama Rébecca, aliyekuwa shemasi wa kanisa na mtu wa kicheko, alikaa juu ya kigoda akimenya maharage yaliyokwisha kumenywa. Hakulia. Aliweka macho mlangoni tu. Agar aliwalaza watoto kitandani kwake, akampa mama godoro, naye akatandika mkeka jikoni. Usiku alibadilisha mashuka, asubuhi akayafua, akamsindikiza Keren, akapanda Rughenda mbio, akafika amechelewa.

Jumamosi, hata hivyo, alitoka.

"Agar," mama yake alimwambia siku moja, akimwona mbele ya kioo. "Dada yako iko pori, na wewe unapaka rouge?"

"Mama, sitakawia. Nitarudia mapema."

"Kule kanisani tuko tunafunga kula juu yake. Wewe unafunga na bière?"

Agar alisimama na rouge mkononi. Alitaka kueleza. Alitaka kusema kwamba kule mjini, muziki ukiwa juu, kuna nusu saa ambapo kifua kinamwachilia, na kwamba bila nusu saa ile asingeweza kuamka Jumatatu. Lakini maneno hayo, akiyapima mdomoni, yalikuwa na harufu mbaya.

"Nisipotoka nitapasuka, Mama," alisema mwishowe.

"Basi pasuka," mama yake alijibu, na akageuza uso mlangoni.

Mwili hauna siri. Alasiri moja kule materinite Agar alikuwa akichunga mwanamke kijana kutoka Vuhovi, mimba ya kwanza, uchungu umekolea. Aliketi kwenye benchi ukutani apumzishe miguu kidogo. Kitu kilichofuata kilikuwa mkono wa mama wa yule mgonjwa ukimtikisa bega. "Madame! Madame, mutoto anatoka!" Alitoka kweli, kitovu kimemzunguka shingo, rangi yake kama ya bilinganya. Agar alikifungua kitovu, akamsugua mtoto mgongo, akamsafisha pua, akampulizia, akamsugua tena. Mtoto alilia. Alilia kwa kuchelewa sana, lakini alilia. Yule bibi wa Vuhovi akasema "Wasingya, wasingya," akimshukuru Agar kwa mikono yake yote miwili, na Agar akaona aibu iliyomfanya atamani kupigwa.

Dokta Phinées, mwenye materinite, hakupiga kelele. Alimwita ofisini akafunga mlango.

"Agar, wewe ni mukunga muzuri, mi najua. Najua pia mambo ya kwako nyumbani. Mais, ukilala tena hapa, utaenda kulala kwako, na hautarudi."

"Nimesikia, Docteur."

Alisikia kweli. Wiki ile aliapa hatatoka. Lakini Jumamosi ilipofika, Ananie alikuwa amelia tangu adhuhuri, mama hajamjibu mtu salamu, na maji ya bomba yalikuwa yamekatika mashuka yakiwa ndani ya sabuni. Agar alitoka bila rouge, bila kuaga, kama mtu anayekimbia moshi.

Pale kwenye nganda alikula, akacheza na Maliro, akacheka kwa maneno ya Joyeuse mpaka mbavu zikamuuma. Telefone yake ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba chini ya vitenge vya Joyeuse. Aliporudi giza lilikuwa limeingia. Keren alikuwa mlangoni amembeba Ananie mgongoni, na mama wa duka la misumari amesimama nao.

"Mama mudogo," Keren alisema, akionyesha kigoda kitupu cha bibi yake, "mukaka ameenda Beni."

"Beni? Na nani?"

"Na moto, pikipiki tu. Baba Salomon wa kule Beni alimuita. Alisema batu ba pori bameachilia bamama, basoda ba serikali bamebaleta Beni. Mukaka alikuita, alikuita, haukushika telefone." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua: "Mama yetu iko ndani yabo?"

Agar alitoa telefone. Jina la mama yake lilikuwa limejipanga kutoka juu mpaka chini ya kioo. Alipiga, haikuita. Akapiga tena. Mama yake, na magoti yale, juu ya pikipiki, katika barabara ya Beni, giza limeingia. Alikaa chini pale pale kizingitini, na Keren akakaa karibu naye, na hakuna aliyewasha taa.

Kulipoanza kupambazuka alimpigia Dokta Phinées. Ilikuwa zamu ya Agar, na mkunga mwenzake alikuwa nyumbani, naye amejifungua.

"Docteur, leo siwezi kuya. Bamerudisha batu walioshikwa. Labda dada yangu iko ndani."

"Agar, niko na bamama wawili wenye uchungu hapa. Hao si labda."

"Najua."

"Ukienda, nitatafuta mutu mwengine. Hapana kasirani. Ni kazi."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Agar alisema asante, bila kujua kwa nini, akakata.

Joyeuse, aliyesikia habari usiku ule, alikuja na mikate, nguo zake bado zinanuka moshi wa jana. Alimvua Ananie kaptula iliyolowa, akaanza kupasha maji. "Enda," alisema. "Soko haliko leo. Hata lingekuwako, enda." Na Maliro alikuwa nje, pick-up ya patron wake inanguruma, imejaa vitunguu vya kupeleka Beni Jumatatu. Alikuwa amempigia patron akamdanganya kwamba vitunguu vinaanza kuota.

Walipita Maboya, wakapanda Kabasha katika vumbi jekundu. Maliro hakufungua muziki. Kwenye kizuizi askari aliegemeza kiwiko dirishani. "Mama, ozokende wapi?" Agar akamjibu kwamba anaenda Beni kumtafuta dada yake. Yule askari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi kama ya Agar. Aliinua kamba, wakapita.

Akilini, njia nzima, Agar alikuwa akimwosha dada yake. Alimkalisha kwenye beseni, akamwagia maji ya moto, akamsuka nywele. Aliwaza kitanda: Kavira na watoto kitandani, mama godoroni, yeye jikoni. Ingetosha. Aliahidi Mungu kwamba hatakanyaga nganda tena maisha yake yote. Alijisikia anavyoahidi, akajua yeye ni mtu anayeuza kitu kidogo kwa kutaka kikubwa, na bado akaahidi.

Mama Rébecca walimkuta amekaa juu ya katoni nje ya ukuta wa ofisi moja ya serikali, Baba Salomon, mdogo wa marehemu mumewe, amesimama nyuma yake. Watu walikuwa wamejaa barabara. Agar alipiga magoti mbele yake akitafuta namna ya kuomba radhi kwa telefone, kwa nyama, kwa kicheko.

Mama yake alimtazama. "Umekula?" aliuliza.

"Hapana, Mama."

Akafungua kitambaa, akampa nusu ya kiazi kilichopoa.

Wanawake waliletwa nje mmoja mmoja. Walikuwa wamevishwa vitenge vipya vyote vya rangi moja, na hiyo iliwafanya wafanane, hivi kwamba kila familia iliona mtu wake katika kila mmoja. Jina lilipigwa kelele, mtu akaanguka kifuani mwa mtu, wengine wakasogea nyuma kuwapa nafasi. Agar alitazama kila shingo, kila mwendo. Aliyefuata si yeye. Aliyefuata si yeye. Kisha mlango ukafungwa, na askari akasema kwa Kifaransa kwamba imekwisha, na watu waliobaki wakaendelea kusimama kama hawakusikia.

Mama Rébecca hakusimama pamoja nao. Alikuwa ameshainuka, akaenda kwa wale walioachiliwa, mmoja baada ya mmoja, akiwauliza. Mwanamke mmoja mwembamba, miguu imevimba, ndiye aliyetikisa kichwa kwa kukubali.

"Kavira? Mwenye alama hapa, kwa kidevu? Tulivuka mto pamoja."

"Alikuwa muzima?"

"Alikuwa anatembea. Alinibebea mutoto wangu wakati mi nilichoka. Halafu bakatugawanya. Benye nguvu bakaenda kule, sisi huku." Akainamisha uso. "Ni mbele ya mvua kuanza. Sikumuona tena, Mama. Unisamehe."

Mama Rébecca alimshika mikono. "Alikuwa na viatu?"

Mwanamke alifikiri, kwa bidii, kama swali hilo lilikuwa na haki ya kujibiwa vizuri. "Alikuwa na bote za mpira. Kubwa kidogo."

"Bote," Mama Rébecca alisema. Akamgeukia Agar. "Iko na bote."

Hayo ndiyo waliyorudi nayo Butembo, wakiwa watatu kwenye kiti cha mbele cha pick-up. Keren aliwatazama wanavyoshuka, akahesabu watu kwa macho, akarudi ndani kulala chali kitandani. Hakuuliza kitu siku ile wala siku iliyofuata.

Dokta Phinées alikuwa mtu wa neno lake. Jumatatu kule materinite Agar alikuta msichana aliyetoka masomoni juzi amevaa koti jeupe. Dokta alimwambia atamwita kuziba nafasi mtu akiugua, na alimwita kweli, mara moja moja, kama unavyoita kibarua. Agar alianza kumsaidia Joyeuse sokoni asubuhi. Kukunja vitenge si kazi ngumu. Wakati mwingine mwanamke mwenye mimba alipita mbele ya meza, na Agar alijikuta ametazama tumbo lake, jinsi limeshuka, mpaka yule mwanamke akapita.

Jumamosi kadhaa zilipita bila yeye kutoka. Ahadi yake kwa Mungu haikuwa sababu. Biashara ile haikufanyika. Hakuwa na hamu tu. Kisha Jumamosi moja Joyeuse alikuja kumchukua mwenyewe, akasimama mlangoni na viatu vyake virefu.

"Sitoki," Agar alisema. "Uende tu."

Mama yake aliinuka kutoka kwenye kigoda. Agar alijitayarisha kusikia neno. Lakini mama alienda kwenye ndoo, akaosha uso, akafunga kitambaa chake cha kanisani mbele ya kile kioo.

"Nani atabaki na batoto?" aliuliza.

"Mama wa misumari anaweza," Agar alisema. "Mama, unaenda wapi?"

"Pale munaendaka."

Walimkalisha kwenye kiti cha Agar, mgongo ukutani. Watu wa nganda walimtazama mama huyu mwenye kitambaa cha ushemasi, wakatazama pembeni. Maliro, aliyeona haya, alimwagizia sucré, soda tamu, na sahani ya nyama. Mama Rébecca alikula yote bila haraka, akaomba pilipili zaidi. Muziki ulipopandishwa, watu wakaanza kucheza, na Joyeuse akapiga makofi.

Hapo ndipo mama alianza kulia. Alilia mdomo wazi, machozi yanaanguka kwenye sahani, sauti yake imefunikwa kabisa na magitaa. Alikuwa hajalia tangu lori la mbao. Agar aliruka amshike mkono amtoe nje.

"Twende, Mama. Twende nyumbani."

"Niache." Alimvuta binti yake akae chini. "Kule nyumbani batoto bananiona."

Agar alikaa. Joyeuse alisogeza kiti chake mpaka mgongo wake ukamziba mama mbele ya watu, na Maliro akaenda kumwomba mwenye nganda asipunguze muziki.