Nyusi za Matalena

Panya ana adabu zake: akiuma, hupuliza. Bronwyn, meneja wa nyumba ya wazee pale mjini Logan, ugenini, alimuuma Matalena Tuiasau kwa miaka kumi na mmoja, akimpuliza vizuri tu, na Matalena akawa anasema asante.

"Kiingereza chako safi, shoga. Mtu akifumba macho hajui."

"Magimbi yenu yananukia, nani angedhani?"

"Mgongo huo! Mashine ya kunyanyulia wazee tuliinunulia nini?"

Matalena alicheka. Mtu wa kisiwa cha Savaii, kule Samoa, hamkatizi mkubwa wake, hata kama mkubwa kazaliwa juzi. Isitoshe, mwezi ule alikuwa ameomba nafasi ya usimamizi wa zamu. Aliitamani kama mjamzito anavyotamani udongo, maana magoti yalikuwa yamekwisha, na msimamizi hanyanyui watu. Mwenye kuamua alikuwa Bronwyn.

Jumatatu, kikaoni, Matalena alisema kwamba wahudumu wa asubuhi ni wachache. Bronwyn akatabasamu.

"Jamani, hiyo sauti ni ya kanisani. Wazee watadhani parapanda imelia."

Watu wakacheka.

"Ninachompendea Matalena, hana maneno. Kati ya walioomba, yeye ndiye mtulivu. Usije ukaniharibikia sasa, shoga."

Matalena akayameza. Kama nafasi ilitaka kimya, angewapa kimya mpaka wachoke.

Alhamisi asubuhi muuguzi wa usiku alimchoma Bibi Enid sindano yake ya kushusha sukari, Matalena akiona, kisha akakimbilia basi bila kutia sahihi kitabuni. Muuguzi wa asubuhi alikuwa mgonjwa, basi Bronwyn, ambaye naye kasomea uuguzi, akashika sindano mwenyewe. Alimkuta Matalena akimlisha Bibi Enid uji. Bibi alikuwa na miaka tisini na mdomo wa ishirini.

"Uji huu kapika mtu aliyeachwa na mume," alikuwa akisema.

Bronwyn akasimama mlangoni na kitabu. "Hapa patupu. Huyu ameshachomwa?"

Matalena akamtazama, akainua nyusi zote mbili. Kwao Samoa hiyo ni ndiyo, ndiyo kamili. Mtoto asiyejua kutembea anaijua, na mchungaji anaipokea.

"Haya," Bronwyn akaguna, macho kitabuni.

Matalena akajua yamekwisha. Akamfuta Bibi mdomo, akaenda chumba cha pili kumwogesha Mzee Colin. Aliporudi, Bibi Enid alikuwa ameloa jasho, kichwa kimelala begani, na pembeni kulikuwa na sindano ya pili, tupu. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Jumamosi Bibi Enid akafa.

Bronwyn alimwita ofisini, akamkaribisha kiti.

"Hakuna anayekulaumu, shoga. Nyinyi mna mioyo mikubwa. Mambo ya kichwa ni mzigo tuliowatwika sisi." Akasukuma karatasi. Ilikuwa imeandikwa: Mhudumu aliulizwa, hakujibu. "Tia sahihi tu. Ile nafasi ya zamu bado ipo mezani kwangu."

"Nilijibu," Matalena akasema.

"Sikusikia kitu."

"Niliinua nyusi."

"Nyusi? Una vituko wewe."

"Mwezi jana uliniuliza kama nitafanya Jumapili mbili mfululizo. Niliinua nyusi, ukaandika jina langu kwenye zamu. Krismasi, vilevile. Hukuniuliza mara ya pili."

Bronwyn akaikunja na kuikunjua miwani yake. "Hayo ni mengine."

Matalena naye hakuwa akijitakasa. Mdomo alikuwa nao, Mungu hakumnyima; angeutumia mara moja tu, Bibi Enid angekuwa anautukana uji hadi leo. Aliufunga kwa sababu ya cheo. Akachukua kalamu, akakata neno hakujibu, akaandika juu yake: Nilijibu kwa nyusi. Ningeweza kusema, sikusema. Akatia sahihi hapo, kwenye maneno yake.

"Umejichongea mwenyewe," Bronwyn akasema polepole. "Na nilikuwa nakusifia kila mahali."

Nafasi akapewa Kerrie, mwenye miezi minane kazini. Matalena akapelekwa chini kwenye chumba cha kufulia, akasimame saa nane kwa siku juu ya magoti yaleyale. Uchunguzi ukafungwa. Ile karatasi yake haikusomwa popote alipokuwepo yeye.

Wiki ya pili Bronwyn akashuka, akapapasa rundo la shuka.

"Nimewaambia wote huko juu, hakuna wanaonyoosha nguo kama watu wa kwenu. Kumbe tulikuchelewesha tu."

Matalena alikuwa ameshika gauni la kulalia, limeshonewa jina shingoni.

"Hili la Bibi Enid nilipeleke wapi?" akauliza.

Bronwyn alikuwa ameshaanza kupanda ngazi.